Majina Aliyoyaandika Sista Esnath

Kwa miaka thelathini na moja Esnath alikuwa mkunga kwenye zahanati moja ya upande wa Kisondela. Alikuwa amepokea watoto wengi mno, hata siku za gulio hakukosa kijana mwenye ndevu wa kumnyooshea kidole na kuwaambia wenzake kwamba huyu mama ndiye aliyemkata kitovu. Watu walimpenda. Walipenda mikono yake ya moto katika ile baridi ya Juni, na walipenda kwamba hakumfokea mzazi hata siku moja. Walichomwogopea ni jambo moja tu, nalo ni majina.

Sista Esnath alikuwa na maoni kuhusu majina. Si maoni kama ya watu wengine, ya kusema hili zuri, hili baya, kisha mazungumzo yakahamia kwenye mvua. Yake yalikuwa kama sheria za nchi. Jina, alisema, lazima liweze kuvuka bonde: mama asimame huku kwenye migomba, mtoto awe kule ng'ambo ya mto, na sauti ya mwisho ivutwe mpaka imfikie. Ndiyo maana hakuyapenda majina kama Fred. Jina hilo, kwa maelezo yake, hufia mdomoni. Alikuwa na kaka yake mwenyewe aitwaye Fred, na aliamini kwamba ndiyo sababu kaka huyo hakuwahi kuitika alipoitwa kuchota maji.

Hakupenda pia mtoto kupewa jina la mchezaji mpira, kwa sababu mchezaji atahama timu mwakani na mtoto atabaki nalo. Hakupenda majina matatu yaliyounganishwa kama mabehewa. Kuna baba mmoja aliyetaka mwanawe aitwe Mkurugenzi, na Esnath akamuuliza kwa upole, je, mtoto akija kuwa mkulima wa parachichi watu watamcheka au watamsalimia? Yule baba akafikiri, akasema Jacob.

Lakini kuliko yote, hakupenda majina ya huzuni. Mtoto hajaonja hata uji, alisema, mmeshamtwisha msiba. Mzazi akitaja jina la namna hiyo, Esnath aliweka kalamu chini, akauliza kama mama amekula, kisha akamwambia baba aende akanywe chai kwanza, atarudi na jina. Wengi walirudi na jingine. Matokeo yake, darasa la tatu pale kijijini lilikuwa na akina Lusungu watano na akina Sekela wanne, majina ya Kinyakyusa ya neema na furaha, na mwalimu wao alikuwa anawatofautisha kwa rangi za masweta.

Basi mwaka juzi, binti yake wa pekee, Atupele, akapata ujauzito. Atupele alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Tukuyu. Alikuwa ameolewa na Rodrick, afisa ugani aliyeletwa wilayani kutoka Kibondo, kijana mrefu, mpole, aliyewafundisha watu kupogoa miparachichi na ambaye mpaka leo huvaa koti hata jua likiwaka. Mimba ilipofika miezi saba, wakaja wote wawili Jumapili moja kusalimia. Walikula ndizi kwa maharage, Rodrick akaenda shambani na baba mkwe wake, mzee Ambindwile, kuangalia miche. Atupele alibaki jikoni na mama yake, anaosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Esnath alijua kuna neno linakuja.

"Mama," Atupele alisema, "nina ombi moja. Jina la mtoto huyu, utalisikia siku ile watu wengine watakapolisikia."

Esnath aliuliza ana maana gani. Atupele akaeleza, macho yakiwa kwenye vikombe, kwamba tangu akiwa msichana amewaona wanawake wakitoka leba na majina ambayo hawakuingia nayo. Mumewe ana watu wake na ana lugha yake. Yeye mwenyewe ana mawazo yake. Alitaka safari hii wafikiri wenyewe, wakosee wenyewe ikibidi, bila kutumwa kwenda kunywa chai.

Neno hilo la chai lilimchoma Esnath kidogo, maana hakujua kama watu wanalisema. Lakini alikuwa mtu wa haki. Akakubali. Akasema hatafungua mdomo.

Ndipo kijiji kikaona maajabu. Mwanamke ambaye angeweza kukueleza kasoro za jina lako kabla hujamaliza kujitambulisha, sasa likitajwa jina la mjukuu anakohoa, au anaimba pambio, au anakumbuka kwamba ameacha sufuria motoni. Mzee Ambindwile alimwonea huruma. Alijua mkewe ana majina matatu moyoni, kwa sababu alimsikia akiyajaribu kwenye migomba, anaita polepole kuelekea bondeni kisha anatega sikio. Mzee alimshauri ayaandike kwenye karatasi aitie moto. Esnath akamjibu kwamba akitaka kula jioni hiyo, asimpe ushauri.

Kitu ambacho hata Ambindwile hakukijua ni hiki: chini ya sheria zote zile, Esnath alikuwa na kosa lake moja, la zamani, alilokuwa amelifukia kama mtu anavyofukia moto kwa majivu.

Lilitokea akiwa na miaka miwili tu kazini. Alikuja mama mmoja aitwaye Tumpe, mjane mbichi. Mumewe alikuwa amezikwa miezi minne nyuma, upepo ulikuwa umeng'oa bati za nyumba, na ng'ombe wake mmoja alikuwa amekufa wiki ileile. Alijifungua baada ya siku mbili za uchungu, mtoto wa kike, mzima, ana nywele tele. Esnath alipouliza jina, Tumpe akasema, "Andika Tabu." Esnath akambembeleza. Akamletea uji. Akamtajia majina mengine sita. Tumpe akarudia neno lilelile, akageukia ukutani akalala.

Esnath akaketi na kadi ya mtoto mbele yake. Alikuwa kijana, na alikuwa amelia. Alimtazama yule mtoto aliyekuwa ametulia kwenye khanga kama mtu aliyefika nyumbani, na akaandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote: Tulia. Alijua kwamba Tumpe hajui kusoma. Kwenye rejesta akaandika hivyohivyo. Asubuhi Tumpe akaichukua kadi kwa mikono miwili, akashukuru, "Ndaga, sista," akaondoka na mwanawe.

Baadaye Esnath alijiambia kwamba amefanya wema. Alijiambia hivyo mara nyingi sana, na mtu hajiambii mara nyingi kitu ambacho ana hakika nacho.

Wiki tatu kabla ya siku za Atupele za kujifungua, ikiwa asubuhi ya mvua, bodaboda ilimleta zahanati mwanamke mwenye uchungu. Alikuwa fundi cherehani wa Kiwira, amekuja kujifungulia kwa shangazi yake. Alijifungua vizuri kabla ya saa sita, mtoto wa kike, kazi ya kusifiwa. Alipokwisha kuogeshwa na kunywa chai, akamwita Esnath karibu, akatoa kwenye mkoba mfuko wa nailoni uliokunjwa, na ndani yake kadi ya kliniki iliyochakaa mpaka ikawa laini kama kitambaa.

"Sista, huu ni mwandiko wako?"

Esnath hakuhitaji miwani. Aliiona ile T yake ya ujanani, yenye mkia. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo yeye mwenyewe huwakataza wauguzi wote.

Akasema ndiyo. Kisha, kwa kuwa kukiri ni kama kuzaa, ukishaanza huwezi kuacha katikati, akasema yote: kwamba mama alitaja Tabu, kwamba yeye alimhurumia mtoto, kwamba aliandika kile alichokitaka yeye, na kwamba hakuwahi kumwambia mtu. Alisema anaomba radhi. Alikuwa tayari kwa lolote, hata kushtakiwa kwa mganga mkuu wa wilaya, ingawa amebakiza miaka mitatu astaafu.

Yule mwanamke alimsikiliza akimnyonyesha mwanawe. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini, cha kuogopa nyuzi alizoshonwa.

Akamsimulia Esnath kilichotokea. Nyumbani aliitwa Tabu, hakujua jina jingine. Siku ya kwanza shuleni mwalimu alifungua daftari la mahudhurio akaita, "Tulia!" Yeye, mtoto wa miaka saba aliyekuwa tayari amekaa kimya, akazidi kukaa kimya. Mwalimu akaita tena kwa sauti, "Tulia!" Akakunja mikono juu ya dawati, akashusha pumzi, akatulia mpaka shingo ikamuuma. Kesho yake vilevile. Wiki nzima aliandikwa mtoro akiwa dawati la mbele, na nyumbani akamwambia mama yake kwamba shule ni nzuri ila mwalimu anamsema sana na hajui amefanya nini. Mama yake alipokwenda kuuliza, na mwalimu akamsomea kadi, Tumpe aliichukua, akaigeuza huku na huku. Kisha akasema kumbe serikali ina jina lake na mimi nina langu, haidhuru, akarudi shambani.

Esnath akaitazama tena ile T yenye mkia.

"Jina lako halikunidhuru, sista," Tulia alisema. "Limenifaa. Liko kwenye kibao cha duka langu. Lakini uliwahi kumuuliza mama kwa nini alitaka lile jingine?"

Esnath akasema alidhani anajua.

"Mimi nilimuuliza, nikiwa mkubwa. Aliniambia tabu nyingine zote zilimjia bila kuitwa. Hii moja alitaka aiite mwenyewe, ije mbio inacheka."

Akaeleza kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mama yake alisimama mlangoni kila jioni akaita, Tabu, njoo, na Tabu ikaja mbio, na mama akacheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza. Majirani walidhani amerukwa na akili kidogo. Mama huyo alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo hakuna aliyemwita hivyo tena. Kwenye kila karatasi, kila ujumbe wa simu, kila kibao, yeye ni Tulia. Kadi ile aliikuta chini ya nguo za marehemu, imefungwa vizuri, ijapokuwa mwenyewe hakuweza kuisoma.

Mvua ilikuwa imepungua. Esnath aliinuka, akafuta uso kwa ncha ya gauni lake jeupe, akaenda kuchukua kalamu na kadi mpya. Akauliza jina la mtoto.

"Tumpe Tabu," Tulia akasema. "Nitakutajia herufi moja moja."

Akamtajia. Esnath akaandika herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha akamsomea, kisha akampa aisome mwenyewe. Hakuweka kalamu chini. Hakuuliza kama kuna mtu amekunywa chai.

Jioni, wakila, alimweleza mumewe habari yote tangu mwanzo. Ambindwile aliacha kutafuna. Alipoelewa kwamba mkewe aliwahi kubadilisha jina la mtu kwa siri, alisema kwa sauti ya mtu aliyeponea chupuchupu kwamba kama Esnath angekuwepo alipozaliwa yeye, leo angekuwa anaitwa Boazi. Kisha akamwongezea mboga, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

Atupele alijifungua hospitali ya mjini, salama, mtoto wa kike wa kilo tatu na nusu. Esnath alikwenda kukaa naye Tukuyu kumkanda na kumpikia. Wiki ya kwanza ikapita, na kadi bado imeandikwa "Mtoto wa Atupele." Wiki ya pili ikaanza. Esnath aliosha nepi, akapika mtori, akaimba pambio. Kupitia ukuta mwembamba wa chumba aliwasikia wazazi wakishauriana kwa sauti ndogo. Atupele alitaka Lugano, yaani upendo kwa Kinyakyusa. Rodrick alitaka Keza. Atupele alisema Keza ni jina zuri lakini hapa Rungwe hakuna atakayejua limetoka wapi, mtoto ataulizwa maisha yake yote. Rodrick alisema sawa, na kitanda kikasikika kikilia alipogeukia ukutani.

Siku ya kumi na mbili Atupele akatoka chumbani na mtoto mkononi, amechoka, akaketi mbele ya mama yake. Rodrick alisimama nyuma yake na koti lake.

"Haya, mama. Sasa sema wewe. Tumeshindwa."

Watu hungojea miaka mingi kuambiwa neno kama hilo. Majina yote matatu yalimjia Esnath kwenye ulimi, yamepangana tayari kama abiria wenye tiketi. Alimtazama mjukuu wake, akamtazama mkwewe.

"Baba," akamwambia Rodrick, "Keza ni nani?"

Rodrick hakutegemea swali. Akasema kwa Kiha ni kama kusema mzuri. Esnath akasema hakuuliza maana yake, aliuliza ni nani. Rodrick akaketi. Taratibu, akiangalia viatu vyake, akasimulia habari za bibi yake mzaa mama. Alipozaliwa yeye, mama yake aliugua kwa miezi, na bibi Keza akamlea kwa maziwa ya mbuzi mmoja aliyemfunga kitandani pake ili asiibiwe. Alimbeba mgongoni mpaka akawa mkubwa wa kutia aibu. Rodrick alipokwenda chuo, bibi alimpa koti la marehemu babu, akamwambia huko unakokwenda watu wanasema ni baridi.

Atupele akageuka akalitazama lile koti, ambalo kwa miaka mitatu ya ndoa alikuwa anamsihi alitupe.

"Hukuniambia," alisema.

"Hukuuliza," Rodrick akajibu, lakini kwa upole, na akaongeza kwamba hata yeye hakujua aanzie wapi.

Esnath akainuka akasema anasikia harufu ya mtori unaoungua, na mara hii ulikuwa unaungua kweli. Aliporudi, jina lilikuwa limeshakwisha kupatikana: Keza Lugano, yote mawili, na Atupele ndiye aliyelitanguliza Keza.

Ikabaki kazi moja, ya mzee Ambindwile. Yeye, kama wazee wengi wa kule, hana z katika ulimi wake. Zawadi kwake ni sawadi na zamani ni samani. Siku alipokuja kumwona mjukuu kwa mara ya kwanza alimpakata, akamtazama sana, akamwita kwa furaha, "Kesa." Akarudia, na mara ya tatu ikatoka "Kisa," ambalo kwa Kinyakyusa ni huruma, akafurahi akasema mmechagua vizuri sana, jina la kwetu kabisa.

Rodrick alimtazama mama mkwe wake, asijue acheke au asahihishe. Esnath akamwambia mumewe palepale kwamba mtoto anaitwa Keza, ni jina la bibi yake Rodrick, na atalitamka kama lilivyo, hata kama itachukua mwaka. Mzee akauliza, na akimwita Kisa yeye peke yake, kuna ubaya gani? Esnath akasema hilo amwulize baba wa mtoto.

Ambindwile akamwuliza. Rodrick akasema babu anaruhusiwa, ila kanisani siku ya ubatizo aseme Keza.

Kwa hiyo mwezi mzima kabla ya ubatizo, aliyepita karibu na shamba la Ambindwile asubuhi alisikia kitu kama nyuki kwenye migomba, zzz, zzz, kisha kimya, kisha mzee anajaribu neno zima na kulikosa, na kucheka peke yake. Esnath akiwa kazini aliulizwa na wagonjwa kama mumewe ameanza kufuga nyuki. Aliwaeleza. Na walipomuuliza, kwa kumchokoza, kama yeye mwenyewe anaonaje jina hilo, alijibu kwamba ni jina la mjukuu wake, akaita anayefuata.

Siku ya ubatizo mzee alilitamka vizuri mara moja, mbele ya kanisa zima, akageuka kuwaangalia watu kama wamesikia.